Dume la Mchuzi

Nestori Niyitegeka alikuwa Bwana Samaki wa kijiji kimoja cha ujamaa jirani na Kasanda, cheo kilichompa baiskeli ya serikali, jozi ya buti za mpira na kitambi. Baiskeli ilikuwa mbovu. Buti zilivuja. Kitambi ndicho pekee kilichoonyesha maendeleo.

Kazi yake mwaka ule, 1976, ilikuwa kuzalisha kambale. Perege huzaana hata ukiwakataza, lakini kambale wa kufugwa ana maringo: jike hubeba mayai yake na hayatoi mpaka adungwe sindano. Nestori alifundishwa kozini. Unapasua kichwa cha kambale aliyekomaa, unachomoa chini ya ubongo tezi ndogo kama punje ya ulezi, ambamo zimo homoni za uzazi. Unaisaga na maji ya chumvi, unamdunga jike mgongoni, na kesho yake ukimbinya tumbo mayai yanamiminika kwenye beseni. Dume habinyiki. Yeye huuawa, akapasuliwa, mapumbu yakakamuliwa manii juu ya mayai.

Hapo ndipo penye utamu. Jike hurudi bwawani, dume huenda chunguni.

Basi kila siku ya kuzalisha, Mzee Gharibu, mwenye duka na mwenyekiti wa kijiji, alijikuta akipita karibu na bwawa.

"Leo zamu ya nani, Bwana Samaki?"

"Yule mnene, Mzee. Aliyekulia machicha ya pombe."

"Huyo huyo! Kijiji kizima kizalishiwe na kikonda, tutaonekanaje? Na hiyo sindano, hakuna ya watu?"

"Mzee, wewe una wake watatu."

"Ndiyo maana nauliza."

Maximilla, mke wa Nestori, alimpika mnene kwa mawese, nao, pamoja na Mzee Gharibu, wakamla mpaka wakalamba vidole. Alipopasuliwa, tumboni mwa dume huyo mlikuwa na mafuta ya manjano tele, na mapumbu membamba kama uzi, yakitoa majimaji kama ya kuoshea mchele. Hilo halikumshughulisha mtu. Macho yalikuwa kwenye minofu. Kesho yake mayai yote yakawa meupe kama wali. Yamekufa.

"Majike hawa wabovu," Nestori aliamua. Mwezi uliofuata akarudia kwa dume mnene mwingine, na mwingine tena. Walaji walishiba, mayai yakaoza, majike wakatukanwa.

Nyumbani, hukumu hiyo hiyo ilikuwa ikimsubiri Maximilla. Mwaka wa tatu wa ndoa, tumbo kimya. Mama Kezia, mama yake Nestori, hakuzunguka.

"Shamba likigoma, unahama shamba. Jembe hutupi."

Ikakubaliwa kwamba Jumamosi Maximilla arudi kwao Manyovu. Furushi lake likafungwa, likawekwa mlangoni. Nestori alimpenda mkewe, na kila alipoliruka furushi lile roho ilimuuma, lakini alinyamaza. Akimtetea, watu watauliza basi kasoro iko wapi, na waliobaki ndani ya nyumba ile ni yeye na mbuzi.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na siku ya kuzalisha. Akatupa wavu, akavuta, akatupa tena. Wanene wameliwa wote! Akabaki dume mmoja, kichwa kikubwa, mwili mwembamba, pezi limechanika kwa ugomvi. Mzee Gharibu alichungulia ndoo, akakumbuka kuwa ana mgeni dukani.

Nestori akampasua. Mapumbu yalikuwa yamejaa, na manii yalitoka mazito, meupe kama maziwa ya asubuhi. Kesho yake mayai yalikuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Kesho kutwa yakawa na mikia, yanatapatapa beseni zima.

Mama Kezia aliitwa aje kuona.

"Umebadilisha majike?"

"Hapana, mama. Ni walewale."

"Sasa umebadilisha nini?"

Nestori akakazana kutazama maji.

"Dume, mama," Maximilla akajibu, kwa sauti ya mtu anayeulizwa chumvi iko wapi.

Mama Kezia akavuta pumzi. "Samaki si watu."

"Si watu, mama. Watu hatuwapasui tukaona."

Vifaranga wale wa samaki tu ndio waliokuwa na furaha. Mwishowe Nestori akakohoa.

"Hospitali ya Kibondo wana darubini," akasema. "Wala hawapasui. Jumamosi nitakwenda mimi."

Jumamosi asubuhi furushi lilikuwa limefunguliwa, kanga zimeanikwa uani. "Nguo zikifungwa sana zinaingiwa na panya," alisema Mama Kezia, bila kumtazama mtu.

Nestori akapanda baiskeli mbovu, Maximilla nyuma kwenye keria. Walipopita dukani Mzee Gharibu akapaza sauti, "Bwana Samaki! Unaifuata ile sindano ya watu?"

"Ndiyo, Mzee! Naanza mimi, we ngoja kwenye foleni!"

Maximilla akacheka mpaka baiskeli ikayumba.