Mvua ya Kwenye Kishikwambi

Watafiti waliochunguza mteremko wetu, chini ya mlima Hanang, walituwekea ramani kwenye vishikwambi vya sisi walimu. Si ramani ya kutazama tu. Ukigusa mahali, mvua inanyesha hapo. Ukiendelea kushikilia, inaongezeka, na unaona maji ya rangi ya udongo yakitafuta njia ya kushuka. Kazi yangu ilikuwa kuipitisha nyumba kwa nyumba, kila mtu ajaribu mwenyewe.

Nilimkuta mama mmoja akipanga mawe ya msingi, pale pale tope lililoporomoka mlimani lilipoibeba nyumba yake na mumewe ndani. Mzee hajapatikana hadi leo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kunibebea mawe, au umekuja na hiyo simu yako pana?"

Nilicheka, nikaketi karibu yake. Nikamwonyesha: mlima ndio huu, korongo ni hili, na hapa ndipo tulipo sisi. Akagusa kileleni kwa ncha ya kidole, kama anayeonja uji wa moto.

"Mvua yako ije basi kwenye maharage yangu," akasema. "Yanakauka."

Maji yalikuwa yameshaanza kushuka. Yalifuata korongo, yakafika kwenye kona, yakaacha njia, yakanyooka kuja kwake. Mama akaacha utani. Alifunika kiwanja chake pale kwenye ramani kwa kiganja, akakaza.

Ramani ile haijui mkono unaokinga. Inajua kuguswa tu. Chini ya kiganja chake mvua ilizidi, na alipokiondoa, kiwanja hakikuonekana tena.

Nilieleza upesi. "Mama, si kosa lako. Mchoro umetengenezwa hivyo, ukigusa, mvua inanyesha."

Aliniacha nimalize.

"Na kabla sijaweka mkono? Yalikuwa yanakuja?"

"Yalikuwa yanakuja, mama."

Akatazama mawe yake.

"Sasa nikihama, mzee nimwachie nani?"

 Nilizima kishikwambi, nikakirudisha mkobani.

Kabla ya masika alijenga juu, mbali na korongo, kwa shemeji yake. Asubuhi nikienda shuleni humkuta ameshuka na kigoda, amekaa peke yake kiwanjani, anachambua mboga. Wingu likianza kutua mlimani, husimama, husema maneno machache ya Kiiraqw, lugha ya kwao, akiinamia ardhi alimolala mzee, kisha hupanda kwenda nyumbani.