Bega la Dereva wa Gari la Taka

Dereva wa gari la taka hapa Bangwe ana mikono mipana na sauti ya kunong'ona. Miaka yote, akifika tunapoanika dagaa, gari lake la dizeli lilikuwa linazimika. Anashuka, anatia bega mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani, anasukuma mpaka atupite. Sisi tunacheka mpaka khanga zinatudondoka. Juzi wafadhili wametoa gari jipya la gesi, halina moshi hata chembe. Likafika kwenye dagaa, nalo likazimika. Nikamtania, "Shemeji, na hili nalo bovu?" Akafutafuta usukani. "Nimelizima mwenyewe, dada, ni mazoea tu. Lile la zamani nisingelizima, lingetia moshi dagaa zenu." Wenzangu wakainamia vichanja. Mimi nikazunguka nyuma ya gari, nikaanza kusukuma.