Jeraniamu za Kiganjo

Mama mkwe wangu aligawa jeraniamu kama wengine wanavyogawa ushauri, bila kuombwa. Alikuwa na safu nzima ukutani kwake Kiganjo, mtaa wa Thika, kwenye mikebe ya rangi iliyotobolewa chini kwa msumari: maua mekundu, majani ya mviringo yenye harufu kali ukiyasugua. Kila mwanamke wa kikundi chake cha kanisa alikuwa na moja nyumbani, na zote zilishika. Jeraniamu si mmea wa kubembelezwa. Unakata kitawi, unakiacha kivulini siku moja kidonda kikauke, unakichomeka kwenye udongo wenye mchanga, unakisahau. Hakuna mtu anayeshindwa na jeraniamu. Mimi nilishindwa mara tatu.

Nilikuwa na miaka miwili ya ndoa, nyumba ya kupanga Ruiru, na sina mtoto. Jumapili tulikwenda Kiganjo kumsalimia. Siku ya kwanza aliniita mwari, yaani binti kwa Kikuyu, akaniambia, "Keti, mwari, nikukatie kamoja upeleke kwa nyumba yako." Akatoka nje na kisu, akarudi kupitia jikoni, akakawia huko kidogo. Aliponikabidhi kile kitawi kilikuwa kimefungwa kwa gazeti lililolowa. Gazeti lilikuwa na joto. Nilidhani ni joto la mikono yake, na acha nikiri upumbavu wangu: lilinigusa moyo. Mama yangu mzazi si mtu wa kushikana mikono.

Kilikufa kabla wiki haijaisha. Jumapili iliyofuata alinisubiri mpaka wanawake wa kikundi walipokuwa wamejaa sebuleni na vikombe vyao vya chai.

"Na ile nilikupatia iko wapi?"

"Ilikufa, Maitu," nilisema; ndivyo tunavyomwita mama.

"Haiya! Jeraniamu? Jeraniamu hata kipofu anapanda!"

Wakacheka wote. Alijipiga goti kwa kiganja, akanimiminia chai zaidi.

Cha pili nilikilea kama mgonjwa. Nilichekecha mchanga, nikakiweka kivulini, nikakimwagilia kwa kijiko. Kikafa vilevile. Mara hiyo alikuja Ruiru mwenyewe kukagua, akainama juu ya mkebe, akamgeukia mwanawe kana kwamba mimi sipo. "Mkono haushiki, tumbo haishiki," alisema. "Mimi sisemi kitu. Naona tu."

Cha tatu kilipokufa, maneno hayo yalikuwa yamehamia kinywani mwa mume wangu. Mtu aliyesoma hadi chuo kikuu alisimama juu ya kijiti kilichooza akaniambia niende kwetu nikapumzike kidogo. Kabla ya kuondoka niliking'oa nikakitazama. Sehemu ya chini ilikuwa laini, imegeuka rangi ya mboga iliyoiva, halafu, upana wa vidole viwili kutoka chini, kulikuwa na mstari, na juu ya mstari kilikuwa bado kigumu na kibichi. Nilikitupa. Nilifungasha virago nikarudi kwa mama yangu Githurai 45, nikiwa na mimba ya wiki sita ambayo hakuna aliyeijua, hata mimi.

Baada ya miezi mitano mume wangu alikuja kunichukua, amenyoa ndevu, amebeba unga na sukari, anaangalia tumbo langu badala ya uso. Nilirudi. Msiniulize kwa nini; sikuwa na mahali pengine pa kumzalia mtoto. Mama mkwe alisema Mungu ni mkubwa, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameomba.

Nilipata wa pili pia. Alipoanza shule nilipata kazi kwenye kitalu cha miche karibu na Witeithie, na huko ndiko nilikogundua kwamba mkono wangu hauui kitu. Nilipanda mawaridi, yakashika. Nilipanda jeraniamu trei kwa trei, zikashika, nikawa nazitazama kwa hasira. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Thika, aliyekijua Kikuyu kuliko mimi niliyezaliwa nacho, na hakuwa mtu wa kusifu. Alisema tu nisikaribie trei za wengine, nitawaharibia kwa kuwaonyesha uvivu wao.

Kisha siku moja ya jua kali nilifanya kosa. Mpira mweusi wa maji ulikuwa umelala juani tangu asubuhi, nami nikaufungulia moja kwa moja kwenye vitawi vipya bila kwanza kumwaga yale maji yaliyokuwa ndani. Baada ya siku mbili trei nzima ilikuwa imeinama. Mzee aling'oa kitawi kimoja akakiweka kwenye kiganja changu.

"Mama, wewe umechemsha miche yangu."

Nikamwambia labda ni maji mengi, au ugonjwa.

"Angalia hapa, mstari. Ugonjwa haina mstari. Maji mengi inaoza pole pole, inapanda. Hii ni maji ya moto. Imefika hapa, ikasimama."

Nilikaa juu ya gunia la samadi. Mstari ulikuwa uleule. Chini kumeiva, juu kubichi. Nikakumbuka ile chupa ya maji ya moto iliyokaa jikoni kwake Kiganjo kwa ajili ya wageni, na jinsi alivyokuwa akikawia huko, na lile gazeti. Nilikumbuka zaidi jinsi gazeti lilivyonigusa moyo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko ile miezi mitano.

Nilimwambia mume wangu jioni hiyo. Alicheka. "Mathe achemshe maua? Wewe humpendi tu." Sikulizungumzia tena. Nililiweka.

Nililiweka miaka sita. Ugonjwa wa sukari ukala macho ya mama mkwe, kwanza moja, kisha la pili, na mwanawe akaamua mama hawezi kuishi peke yake, maana yake ni kwamba mimi niache kazi. Akaja kwetu Ruiru na sanduku moja na mkebe mmoja wa jeraniamu, ule mkubwa kuliko yote. Nikauweka barazani. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimkata kucha. Majirani waliniita mke mwema, na sikuwakatalia.

Mwezi wa pili alianza kuomba. "Nikatie kamoja nipande mwenyewe, mwari. Nisikae hapa tu kama gunia. Hii mikono bado inajua kazi." Alilisema kwa unyonge ambao sikuwahi kuusikia kwake. Alikuwa amepoteza nyumba, macho na kikundi chake cha kanisa, na alichotaka ni kujua kwamba kuna kitu bado kitaota akikigusa. Nilielewa vizuri sana. Nilikuwa nimetaka kitu hichohicho.

Nikakata kitawi kizuri. Nikaenda jikoni, birika lilikuwa linachemka, nikakizamisha.

Alikipanda kwa kupapasa, akashindilia udongo kwa vidole gumba. Kila asubuhi alijikokota mpaka barazani kukigusa. Siku ya tatu majani yalimwishia mkononi. Nilimletea kingine, nacho kikaenda hivyohivyo. Wanawake wa kikundi walipokuja kumtembelea kutoka Thika, nilingoja mpaka wote wamepata chai, nikasema kwa upole, "Maitu amejaribu kupanda jeraniamu mara mbili, lakini sijui mkono wake umekuwaje. Haushiki." Wakainamia vikombe vyao. Yeye akayageuza macho yake yasiyoona kuelekea dirishani. Sitadanganya: chai ile niliinywa kwa raha.

Kitawi cha tatu hakukipanda. Alikaa nacho barazani, akakipitishia vidole kutoka chini hadi juu, akakisogeza puani.

"Hii imepikwa," alisema.

Nilikuwa naanika nguo, nikaendelea kuanika.

"Umeizamisha mpaka majani. Ndiyo maana inanuka mboga. Mimi nilikuwa nachovya huku chini tu, nahesabu mpaka kumi, natoa. Ikae mzima mpaka ufike kwako." Alilisema bila aibu, kama fundi anayemsahihisha fundi mwenzake.

"Kwa nini?" Nilikuwa nimeliandaa swali hilo miaka sita, kwa maneno mengi, na yakatoka mawili.

"Nilitaka uende. Kulikuwa na msichana mwingine nilikuwa nimemwona." Akakitupa kile kitawi miguuni. "Na ukaenda. Halafu ukarudi na tumbo."

Nilingoja neno la pili, lile ambalo watu husema wakiomba msamaha. Halikuja. Mbwa wa jirani alibweka, nguo zikadondosha maji, na yeye akawa anajipangusa udongo vidoleni, kimoja baada ya kingine.

"Sasa hiyo imeisha," alisema mwishowe. "Mimi na wewe tuko sawa. Nikatie moja mzima, mwari. Tafadhali."

Miaka yote niliyomjua sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikachukua kisu. Nikachagua kitawi bora, kinene, chenye vifundo vitatu, nikaondoa majani ya chini. Nikaenda jikoni nikamimina maji ya moto bakulini, upana wa vidole viwili, nikakichovya. Nilihesabu polepole mpaka kumi. Nikakifunga kwa gazeti lililolowa, nikampelekea.

Alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto, nami nikauona uso wake ulipojua. Hakulirudisha. Akasema, "Asante, mwari," akavuta mkebe karibu, akaanza kuchimba shimo kwa kidole gumba.