Ndoo ya Balaa

"Yamwage hayo mahindi, machungu kama nyongo!" Eufrasia alifoka.

"Mwaga wewe, shoga, halafu ukawaambie maharusi wale mawe!" Nicanora akamjibu.

Mahindi ya harusi, ambayo hulowekwa na chokaa kidogo ili maganda yatoke, yalikuwa yametiwa chokaa mara mbili, makali hata kuku aliyedonoa punje moja alitaga yai lililokwisha kuchemka, na chapati mia nne za mahindi zilitakiwa adhuhuri. Msimamizi wa kinu chao hakupaza sauti, hajawahi. Alifuta mikono yake mipana kwenye aproni, mara mbili kama kawaida yake, akafunga kitambaa chekundu kwenye sufuria la mahindi yaliyoharibika na kulisukuma hadi benchi analoliita hospitali. Huko mahindi huoshwa na kuonjwa hata mara tatu. Yakikataa kupona, ni ya nguruwe. Wasagaji hawakusimama, maana aliwapa ndoo ya mahindi ya akiba anayoyaloweka kila siku, ile ambayo Eufrasia ameicheka miaka tisa na kuiita ndoo ya balaa.

"Yameharibikia wapi?" msimamizi aliuliza.

"Si mimi!" Eufrasia akaruka.

"Sikuuliza nani, mama. Nimeuliza wapi."

Eufrasia akashusha sauti. "Kwenye chokaa. Mtu hajui kama mwenzake ameshatia."

"Basi kuanzia leo, anayetia anaacha kijiko juu ya kifuniko." Akakiweka mwenyewe, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Eufrasia alikitazama kile kijiko hadi macho yakamlowa. "Msimamizi, ile chokaa ya pili..."

Mlango ukafunguliwa. Baba wa bibi harusi akaingia na vikapu vyake, akakuta chapati za ile ndoo ya balaa zinafuka mvuke.