Kilio cha Dereva wa Treni

Kampuni yetu ilikuwa watu watatu na chumba kimoja huko Kampemba, mtaa wa Lubumbashi. Tuliandika programu za mishahara ya wachimba shaba, kisha tukaanza kutoa michezo ya kompyuta kwenye kaseti. Katika mchezo wa kwanza, treni ikianguka darajani dereva anakufa, na papo hapo dereva mwingine anaondoka na treni mpya.

Tulimwonyesha mama wa mwenzetu, mjane wa mfanyakazi wa reli. Akaondoa mikono kwenye mashine.

"Muntu anakufa, kilio iko wapi? Matanga iko wapi?"

Nilikasirika. Mchezo ni mchezo tu. Hata hivyo, tuliweka skrini nyeusi na kimya cha dakika moja, kama matanga, kabla ya dereva mpya kuondoka. Wateja walilalamikia rangi, wakalalamikia sauti. Kimya kile hawakukiuliza. Walinyamaza nacho, wakangoja.