Mimi Si Mteja Wako

Mume wangu aliuza vigae miaka ishirini na miwili. Vya sakafu, vya ukutani, vya bafuni. Mgongo umekwisha, magoti yanalia kila akiinama, na vidole vilivyokuwa vya mpiga gitaa vimekuwa vya mbeba maboksi. Mwaka huu kamwachia mdogo wake duka, chumba cha watoto waliokwisha kuhama kakigeuza studio: magodoro mawili ya zamani yamesimamishwa ukutani, kipaza sauti kimoja, kiti cha jikoni. Anarekodi mwenyewe, hana kampuni wala meneja. Mimi nimechoka. Naye kachoka zaidi, ila hakubali.

Alikuwa na wimbo mmoja wa beti tano, kautunga miezi saba. Alichokosa ni mpiga gitaa la besi, na alimtaka mmoja tu: Mrefu, waliyeanza naye bendi kabla hajanioa, kisha mume wangu akamwacha kwenye mataa siku alipoingia kwenye biashara ya vigae.

"Mrefu akikataa, narudi kwenye vigae," aliniambia. Nikajua hatanii, maana ufunguo wa duka ulikuwa bado mfukoni mwake.

Mrefu akaja Jumapili mchana, mikono mitupu, kichwa chote mvi. "Shemeji, hamjambo humu?" Nikamwingizia studioni kiti cha sebuleni chenye mikono, nikawaletea chai, nikabaki pale mlangoni. Nyumba ni yangu, nani atanifukuza?

Mume wangu akaanza kupiga. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, Mrefu akakunja uso kidogo. Basi mume wangu akasimamisha gitaa palepale: "Huu umezidi, eh? Tunaweza kuutoa." Akaanza tena. Mrefu akajikuna shingo. "Na kile kipande cha mwanzo nakifupisha, usijali."

Jamani, mtu huyu. Ndivyo alivyouza vigae: anamsoma mteja usoni, akiona tu kope imecheza, anashusha bei kabla hajaombwa. Kwa nusu saa aliushusha ule wimbo mpaka zikabaki beti mbili na kiitikio. Nilitaka kulia kwa hasira.

"Wewe," Mrefu akasema, sauti imechoka. "Mimi si mteja wako. Uso wangu uko hivi kwa sababu jino linaniuma. Geukia ukutani, upige wote."

Akageuza kiti. Akapiga beti zote tano akiyatazama magodoro. Kwenye wa nne kidole kiligoma, akajikwaa, akaendelea. Alipomaliza hakugeuka.

"Wimbo upo," Mrefu akasema. "Ila besi niliiuza wiki ileile uliyoondoka. Sijagusa nyingine. Vidole vimeshasahau, ndugu yangu."

Nikangoja. Mume wangu hajawahi kumwacha mteja atoke bila kumbembeleza. Safari hii hakubembeleza. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe," neno ambalo miaka yote hiyo lilimkwama kooni. Kisha akaanza wimbo upya, bado kaelekea ukutani.

Mrefu hakuondoka. Kwenye ubeti wa pili nikaona dole gumba lake linagonga mkono wa kiti, taratibu, palepale besi inapotakiwa kuingia. Mume wangu alilisikia. Mabega yakamshuka.

Jioni aliutoa ufunguo wa duka mfukoni, akaniambia nimpelekee mdogo wake.