Kivuli cha Mlingoti wa Goli

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na majani yaliyokanyagwa hunirudisha hadi leo kwenye uwanja wa zamani wa Tarime, enzi za ujamaa, siku bendi ya magitaa ya umeme ilipotujia. Uwanja ulikuwa umechoka. Jukwaa la mbao lilikuwa limeliwa na mchwa, kwa hiyo wanamuziki walipiga wakiwa juu ya lori, jenereta ikinguruma pembeni. Watu walikuja hata kutoka Nyanungu, wengine na fimbo zao za kuchungia. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Baba, fundi cherehani na mtu wa swala tano, aliniruhusu kwa sharti moja: nisichelewe swala ya alasiri. Nikichelewa, nisimwombe tena ruhusa ya kwenda popote.

Saa sikuwa nayo, lakini madrasa tulifundishwa kwamba alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake. Katikati ya umati nisingekiona kivuli changu, basi asubuhi rafiki yangu Ghati alipanda mlingoti wa goli na ncha ya uzi wa baba, tukaupima, nikachomeka kijiti umbali uleule upande wa mashariki, pale kivuli kingefika alasiri. Magitaa yalipolia nilihisi mtetemo kifuani, ila macho hayakutoka kwenye kijiti.

“Umekuja kusikiliza muziki au kuchunga kivuli?” Ghati akanitania.

Kivuli kiligusa kijiti katikati ya wimbo niliousubiri wiki nzima. Nikaondoka mbio, machozi yakinilenga.

Msikitini hapakuwa na mtu. Nilitawadha, nikakaa barazani, hadi baba aliponiona kutoka kibandani kwake, ng'ambo ya barabara, akaja. Nilipomweleza habari za kijiti, alicheka akashika tumbo.

“Mwanangu, mlingoti ule umeinamia mashariki tangu mvua za mwaka juzi. Kivuli chake lazima kirefuke kabla ya wakati. Muda bado upo.”

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, lakini yangu siku ile ilikuwa nayo. Baba alifunika cherehani, akanishika mkono, tukarudi uwanjani. Alisikiliza nyimbo tatu, akikagua mishono ya suruali za bugaluu, zile za miguu mipana, za wapiga magitaa, kisha tukaenda pamoja kuswali.

Siku hizi simu yangu huadhini kwa dakika kamili, na magoli ya uwanja ule ni ya chuma, yamesimama wima. Alhamdulillahi kwa yote. Hata hivyo bado nawahi msikitini, nakaa barazani, na kabla ya adhana hutazama ng'ambo ya barabara, kama vile kuna mtu anakuja kuniambia muda bado upo.